Kikombe Kimoja cha Papa wa Depo

Huko Kisangani wapo watu watakaokuambia kwamba yule mzee Mwislamu aliyetunza depo ya divai karibu na bandari alikuwa mlevi wa siri. Wataongeza kwamba wakati wa uasi alionekana mchana kweupe, ameketi kati ya waasi, kikombe mkononi, anakunywa mpaka mwisho. Hilo la pili ni kweli. Nilikuwepo, hatua mbili tu kutoka magotini pake. Hilo la kwanza ni uongo, na ninamjua aliyeutia miguu. Nimeandika ripoti nyingi maishani, nyingine zikasomwa na mawaziri, lakini hii ndiyo ninayoiandika mkono ukiwa mzito.

Sisi tulimwita Papa wa Depo. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wapo watakaozieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa pua yake, kwa miguu yake na kwa birika lake, na hayo matatu yanatosha kumjua mtu.

Depo ilikuwa ya Mreno mmoja. Divai ilipanda mto kwa boti kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndani ya damejani, yaani chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, imevikwa kikapu kizito ili isivunjike njiani. Mteja alikuja na chupa zake tupu, Papa akamjazia kwa mpira mwembamba. Damejani ikiisha lazima irudi kwa boti. Ile isiyorudi, Mreno aliikata kwenye mshahara wa Papa, na kwa sababu hiyo mzee alizipenda damejani zake kuliko divai iliyokuwa ndani. Ungeweza kumwaga lita moja mbele yake akanyamaza. Ukigusa kikapu kwa mguu, alikutoa nje.

Mimi nilikuwa karani katika bohari ya jirani. Sikuwa na baba mwenye cheo wala mjomba padri. Nilisoma kwa masomo ya posta, kitabu magotini wakati wenzangu wanakula, na yote niliyo nayo leo niliyapata kwa kichwa hiki. Ukuta wa bohari yetu ulikuwa na mlango mdogo wa kuingilia kwake, na kila siku nilipita kumtazama akionja.

Alimimina kidogo kwenye sahani nyeupe ya bati, akaiinamisha dirishani na kutazama ukingo wa rangi. Akanusa. Kisha akatia funda mdomoni, akalizungusha kama mtu anayesukutua meno, akalitema kwenye ndoo ya mchanga. Baada ya hapo alisukutua kwa maji mara tatu. Mara tatu kila siku, si mbili wala nne. Mwisho akashika chaki. Mstari mmoja kwenye kikapu ni divai ya kila siku. Mistari miwili ni ya wageni. Msalaba maana yake imekuwa siki, utie kwenye saladi.

Nilimuuliza kama dini yake ilikuwa inaruhusu kazi ile.

"Kazi inaishia mudomoni," alijibu. "Chini ya koo ni kwangu na Mungu."

Miaka yote ile sikumwona akimeza hata tone.

Ijumaa alifunga depo mapema. Alivaa kanzu ya kitambaa safi kuliko cha tajiri wake, akabeba birika kubwa la chai ya tangawizi mpaka kwenye baraza la msikiti, akawamiminia watu waliotoka kusali. Kwetu anayetoa kinywaji huonja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Papa aliionja chai yake mbele ya wote, akainua kikombe kitupu, akasema, "Iko safi, kunyweni." Wenye maduka makubwa walikunywa pale, na wabeba mizigo wa bandarini pia. Vijana walimtania: "Papa, birika haliko na harufu ya kazi?" Naye aliwajibu, "Nusa, mutoto. Pua yako ni ya bure." Hakuwa na cheo wala mali. Birika lile ndilo lililokuwa jina lake mjini.

Sasa nieleze divai ilikuwa nini kwetu. Zamani za Wabelgiji mtu mweusi asiye na karata ya maendeleo, kibali walichopewa wasomi wachache, hakuruhusiwa kuinunua. Ruhusa ilipokuja kwa wote, kila karani alitaka chupa mezani, na hakuna aliyejua chupa ipi. Tulinunua kwa macho: chapa ya dhahabu, picha ya ngome, maandishi mengi. Wauzaji walitujua, wakatupa siki yenye ngome.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nilikuwa nimemwalika chakula yule inspekta mzungu aliyekuwa na faili la watu wa kupelekwa Ulaya kusoma. Faili lilikuwa na nafasi moja na sisi tulikuwa wanne. Nilikuja depo na mshahara wa mwezi mzima, nikaonyesha chupa ya juu rafuni.

"Ile iko na dhahabu inje, ndani iko siki," Papa akasema.

"Papa, huyu ni mzungu. Atanicheka."

"Mzungu iko na ulimi kama weye. Bibi yako anapika nini?"

"Samaki wa moshi. Na pondu. Na pilipili."

"Alors! Divai ya bei na pilipili zitapigana mezani kwako, na weye ndiye utaumia. Kamata hii ya musitari moja. Ifunike na gunia ya maji mpaka ipoe. Usiseme jina yake. Akiuliza, sema ni ya nyumbani."

Nilikasirika, lakini nilimtii. Inspekta alipotia mdomoni glasi ya kwanza niliacha kutafuna. Akaomba ya pili. Akaomba samaki tena. Nafasi nikaipata mimi. Nimewahi kusema kwamba niliipata kwa alama zangu, na alama zilikuwa nzuri kweli, lakini wale watatu wengine nao walikuwa na alama.

Jambo la pili alilolijua ni kutembea. Kisangani ni mji wa watu wanaosubiri. Aliyetoka Basoko anasubiri boti, wa Ubundu ameshuka kwenye treni na shughuli yake ni kesho, wa Bengamisa ameuza mchele wake na gari halijajaa. Watu hao walikuja depo kumuuliza Papa wautazame vipi mji bila kuchoka na bila kumaliza fedha. Naye aliuliza maswali matatu tu, daima yale yale.

"Uko na saa ngapi? Miguu ni ya nani? Na nini hautaki kuona?"

Swali la tatu liliwashangaza wengi. Siku moja mama mmoja wa Ubundu alilisikia akaanza kulia. Mume wake alikuwa amefungwa, hakutaka kupita mbele ya gereza. Papa alichukua kifuniko cha sanduku, akamchorea kwa chaki njia inayozunguka mbali, kupitia kivulini, mpaka kanisa kubwa la mtoni, kisha sokoni, kisha kwenye maporomoko kutazama wavuvi wa kabila la Wagenia na mitego yao. Mahali patatu tu kwa siku. Alikataza pa nne. Ukae kabla hujachoka, usirudi kwa njia uliyojia, na uache kitu kimoja bila kukiona ili upate sababu ya kurudi. Zaidi ya yote, usiharakishe. "Mutu anayekimbia, kila mutu anamuangalia," alisema. Hata divai mpya iliyoshuka botini hakuiuza mpaka ilale wiki moja. "Imechoka na safari. Ukiinywa leo utasema ni mbaya."

Pamoja na hayo, ukimfikia umechelewa dakika tano alikufungia mlango. Alikuwa mpole kwa miguu ya watu na mkali kwa saa zao. Kusoma Kifaransa hakujua, ila alizikariri chapa zote kwa picha. Na huyo mtetezi wa divai rahisi hakuvaa kamwe kanzu ya bei rahisi. Sikuwahi kuyapatanisha hayo, wala yeye hakujali.

Nilikwenda Ulaya, nikarudi na diploma. Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu. Niliitembeza ndani ya kasha lake la bati, niliionyesha kwa majirani, niliipeleka kanisani ibarikiwe. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na niliona ofisi zote tupu zinaniita mimi. Haukupita muda mrefu, waasi wakaingia mjini.

Ambaye hakuwepo hawezi kujua jinsi kalamu ilivyogeuka kuwa kosa. Makarani, walimu na wenye suti walichukuliwa majumbani kwao mmoja baada ya mwingine. Watu walifukia miwani yao. Mimi nilikuwa nimejificha mtaa wa Tshopo, katika stoo ya dada yangu, na mtaa mzima ulijua kuhusu diploma kwa kuwa niliwaonyesha mwenyewe. Dada alisikia jina langu likitajwa kisimani. Akatuma habari depo.

Mreno alikuwa ameshakimbia. Papa alibaki na funguo, na wakubwa wa waasi walimtumia kuwapelekea divai, kwa hiyo alikuwa na karatasi ya kupita mjini. Alikuja asubuhi akisukuma baiskeli, damejani imefungwa nyuma kwa kamba. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Uko na saa ngapi?"

"Papa, huu si wakati wa mchezo."

"Noko yako anaondoka saa ngapi?"

Noko ni mjomba, ndugu wa mama. Wangu alikuwa mvuvi wa Yanonge, aliyekuja kuuza samaki, na mtumbwi wake ulipaswa kuondoka saa nane mchana.

"Basi tuko na saa tano. Ni nyingi. Tutatembea kama batu ya kuangalia mji."

Akachora njia sakafuni kwa chaki. Tutapumzika mara tatu: chini ya ukuta wa shule, kwenye benchi la fundi cherehani, na sokoni kwa mama muuza sombe, yale majani ya muhogo tunayoyaita pia pondu. Benchi lile lilikuwa karibu na kizuizi kikubwa cha waasi. Nilimwambia tukwepe.

"Anayekwepa ndiye wanamtafuta. Tutakaa pale pale mbele yao. Weye ni mubebaji wangu. Masikio yako haisikii, mudomo yako haisemi. Toa viatu."

Nilitoa viatu vyangu vya Ulaya. Diploma sikukubali kuiacha. Dada alipiga magoti kuniomba niichome, nikakataa. Papa hakubishana nami. Aliitoa kwenye kasha lake, akalegeza fito za kikapu cha damejani, akaisokota ndani, kati ya kioo na kikapu, akazikaza tena kwa koleo.

Tulitoka. Sijawahi kutembea polepole namna ile. Kila nyumba ilikuwa na macho. Chini ya ukuta wa shule tulikaa, Papa akavua ndala, akatoa kijiwe ambacho hakikuwemo. Malori yalipita yakiwa na vijana waliojifunga majani mikononi. Miguu yangu ilitaka kukimbia yenyewe. "Angalia ile mitende," alisema kwa sauti ya kawaida. "Zamani ilikuwa sita." Nikaitazama mitende.

Kwenye benchi la fundi tulikuwa bado hatujakaa.

"Simama! Iko nini ndani?"

Alikuwa kijana mwenye kipande cha ngozi ya chui kichwani. Wenzake walimwita Komanda.

"Divai, Komanda. Inaenda kwa mukubwa yako kule bandarini."

"Na huyu?"

"Mubebaji yangu. Masikio yake yalikufa na homa."

Walizunguka damejani. Mmoja alitoa kizibo akanusa, akapiga mluzi. "Hii ni ile ya bei kabisa, ya wagavana! Wakubwa wanakunywa ya namna hii na sisi wanatupa pombe ya mahindi!"

Nikasikia sauti ikisema, "Mais non, c'est un vin de table, tout à fait ordinaire."

Ilikuwa sauti yangu, ikisema kwamba hii ni divai ya mezani tu, ya kawaida kabisa. Mpaka leo siwezi kueleza. Nilikuwa nimejifunza kutofautisha divai kwa taabu, na huyu mjinga alikuwa anakosea mbele yangu. Nilimsahihisha kama mwalimu anavyomsahihisha mwanafunzi, kwa Kifaransa safi cha Ulaya.

Mashine ya fundi cherehani ilinyamaza, mwenyewe akatokomea uani.

"Kiziwi anasema Kifaransa," Komanda akasema polepole. "Leta mikono."

Alivigeuza viganja vyangu. Vilikuwa laini.

"Mikono ya kalamu."

"Komanda," Papa akaingilia, wala hakuinua sauti, "makarani walijaa depo kwangu miaka yote. Van de tabule, van de tabule, kila siku. Kasuku nayo ingejifunza. Masikio yake yaliyajua mbele ya homa."

Komanda alimgeukia. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu liliniogopesha kuliko bunduki.

"Mzee, mi ninakujua. Mama yangu alikuwa anauza ndizi karibu na musikiti yenu. Weye haunywi. Hata tone. Bon. Nasema hii divai iko na sumu, weye na huyu mumetumwa. Kama ninakosea, kunywa mbele. Kikombe kizima. Mutu kama weye hawezi kuvunja dini yake juu ya uongo. Ukikunywa, nitajua huyu ni mutu yako kweli. Ukikataa, nitajua pia."

Walileta kikombe cha bati cha askari, wakakijaza mpaka ukingoni. Ng'ambo ya barabara nilimwona yule mama muuza sombe, njiani kwenda sokoni, amesimama, sinia kichwani. Kulikuwa pia na wazee wawili waliokuwa wakinywa chai ya Papa kila Ijumaa. Walitazama; maneno ya Komanda hayakuwafikia. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema, mimi ndiye mnayemtaka. Midomo yangu iliyofunguka bila kuombwa, saa ile ilifungwa kama kwa gundi.

"Mi sinywi nimesimama," Papa akasema.

Aliketi kwenye benchi, mahali hasa alipokuwa amepanga tupumzike. Alikiinamisha kikombe kwenye mwanga, akatazama ukingo wa rangi. Akanusa. Akatia funda mdomoni, akalizungusha, na mimi kwa mazoea nikatafuta ndoo ya mchanga kwa macho. Hapakuwa na ndoo. Nikaona koo lake likishuka. Kisha funda la pili. Hakuharakisha hata moja. Alipomaliza alikigeuza kikombe chini, kama alivyofanya barazani.

"Musitari moja," alisema. "Ya kila siku. Iko muzuri."

Wakacheka wote, wakampiga mabegani. "Pita, mzee! Pita na kasuku yako! Damejani inabaki."

"Divai, kamateni yote. Damejani inarudi depo."

Kicheko kilikatika. Diploma yangu ilikuwa humo, ikiwa na jina langu na muhuri wa Wabelgiji.

"Unasema nini?"

"Damejani haiuzwi, Komanda. Divai inauzwa, damejani inarudi. Ni sheria tangu mbele ya uhuru. Leteni vyombo yenu."

Sijui ni nini kilimshinda yule kijana, ushupavu wa mzee au jambo lenyewe kuwa dogo mno. Alianza kucheka tena mpaka akashika tumbo. Wakaleta ndoo, beseni, sufuria, hata kofia ya chuma. Papa aliwajazia kila chombo kwa mpira wake, taratibu, bila kumwaga, huku kikapu kikigusana na goti langu. Kisha tukaenda kukaa kwa mama muuza sombe, kwa kuwa ilikuwa kwenye mpango. Tukakaa. Baadaye tukashuka mtoni.

Noko alikuwa anasubiri. Papa aliinama majini akasukutua. Mara tatu, kama desturi. Kisha ya nne. Ya tano. Sikuwahi kumwona akipita ya tatu. Sikuendelea kutazama, nilikuwa nachana kikapu kutoa diploma yangu, na nilipoitoa jambo la kwanza nililoliangalia ni kama imelowa.

"Nenda," alisema bila kugeuka. "Hapana kimbia mpaka mupite kisiwa."

Sikumwambia asante.

Huko Léopoldville nilikuta watu wengi wa Kisangani waliokimbia. Tulikutana kwenye baa ya uani, na kila mmoja aliulizwa alitoka vipi. Nilisema nilipita katikati ya waasi kwa akili yangu. Nilisimulia vizuri, mimi ni msimuliaji. Na ili watu wacheke, nilitia hili: "Mnamkumbuka Papa wa Depo, mtu wa sala tano na birika? Kwa macho yangu nilimwona akimaliza kikombe kizima na waasi, akapangusa mdomo akasema, iko muzuri!" Walianguka kwa kicheko. Kikombe kilikuwa cha nini, hilo sikulisema. Ningelisema, ningelazimika kueleza nani alifungua mdomo wake kwa Kifaransa. Nilisimulia hivyo mwaka hadi mwaka, mji hadi mji, nikipanda vyeo.

Nilirudi Kisangani baada ya miaka mingi, nikiwa mkurugenzi, na gari lenye dereva. Siku ya pili nilikwenda kwake, karibu na maporomoko. Depo ilishafungwa zamani. Alikuwa ukutani kwenye kiti kifupi, amekauka kama samaki wa moshi, kanzu nyeupe vile vile. Birika lilining'inia kwenye msumari. Ndani alikuwa ametia misumari na vipande vya waya.

"Mutoto ya diploma," alisema. "Umenenepa. Kazi inakulisha."

"Papa, nimekuletea zawadi kutoka Ulaya."

Ilikuwa chupa ya divai, ndani ya sanduku lake la mbao. Niliichagua kwa uangalifu, nikitaka ajue kwamba sasa ninaweza kununua chochote. Alipitisha kidole juu ya chapa. Aliuliza bei, nikamtajia.

"Hapa ulilipa picha," alisema. Akanusa kizibo kwa nje, pua bado hai. Kisha akainama akaiweka chini, upande wangu.

"Ni ya nani hii?"

"Ni yako, Papa."

"Hata weye," alisema. "Weye ulikuwa pale. Hata weye unaniletea divai."

Nilianza kusema kitu. Akainua mkono.

"Wale batu waliniona barabarani, nilisema nitawaeleza pole-pole, vita ikiisha. Lakini habari ilifika mbele yangu, inatoka Léopoldville, iko na kicheko ndani. Banasema: rafiki yake mwenyewe, mwenye diploma, ndiye anasema. Nani atasikia mi tena? Nilimimina chai, nikaonja, nikasema iko safi. Vikombe vilibaki vimejaa. Ijumaa tatu. Ya nne sikuenda."

"Lakini Mungu anajua ulilazimishwa."

"Na Mungu tulishamaliza siku ile ile. Shida iko na batu."

Nilimwambia nitamwandikia imamu barua, kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, yenye muhuri. Nitanunua birika jipya. Nitaalika wazee wote kwa chakula. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Uko na saa ngapi?"

Nilimwelewa, nikajibu kwa sauti ndogo. "Asubuhi yote, Papa."

"Miguu ni ya nani?"

"Yangu."

"Na nini hautaki kuona?"

Aliangalia uso wangu, akachukua chaki, akaanza kuchora kwenye kifuniko cha lile sanduku la mbao. Alama ya kwanza aliiweka pale pale, kwenye kizuizi cha zamani, mlangoni kwa fundi cherehani. Ya pili kwa mama muuza sombe. Ya tatu kwenye baraza la msikiti.

"Uache gari," alisema. "Na hapana haraka."

Fundi cherehani alikuwa bado hai, mguu mmoja umevimba, mashine ni ile ile. Niliketi kwenye benchi lake na kumwambia yote, kuanzia kwenye Kifaransa changu. Alinitazama juu ya miwani.

"Kumbe kiziwi ni weye?"

"Ni mimi."

"Na mzee alikunywa ili wasikuchukue?"

"Ndiyo."

Alivuta uzi akaukata kwa meno.

Mama muuza sombe alikuwa ameacha sinia, sasa alikuwa na meza. Alinisikiliza huku akifunga majani, na nilipomaliza alipiga makofi mara moja, kwa hasira. "Tumemucheka ule baba miaka yote, mbele ya watoto yake! Na weye na kichwa yako kubwa! Kwenda, kwenda useme kule!"

Nilikwenda. Watu walikuwa wanatoka kusali, wazee wakaketi barazani kama zamani. Nilisimama chini, mimi Mkristo wa kanisa la mtoni, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vimenichubua, na nikasema. Nilisema mimi ndiye niliyefungua mdomo na yeye ndiye aliyelipa. Nilisema nilinyamaza alipokuwa anakunywa, na nilisema baadaye wakati wa kunyamaza. Mmoja wa wale wazee wawili wa siku ile alikuwepo, akatazama mikono yake.

Papa wa Depo alitokea kwenye kona, polepole, na birika. Alikuwa amelisugua mpaka linang'aa. Alipanga vikombe kwenye ukingo wa baraza. Akamimina cha kwanza, akakinywa, akakigeuza chini.

"Iko safi."

Akamimina vingine. Mvuke ulipanda. Vikombe vilikaa pale, na mikono yote ilikaa magotini, na muda ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwenye benchi. Papa hakumtazama mtu. Alitazama mto.

Kisha nikasikia mguu ukiburutwa nyuma yangu. Fundi cherehani alikuwa amefunga duka akanifuata. Alipanda baraza kwa taabu, akachukua kikombe, akapuliza. Niliangalia koo lake, kama nilivyoliangalia lile lingine. Likashuka.

"Tangawizi ni kidogo," akasema. "Ongeza."